Tumbaku Ilikunywa Kwanza

Katika kijiji cha ujamaa cha Amkeni, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka stesheni ya Tura, tumbaku ilikunywa kwanza. Watu walikunywa baadaye, kama kuna kilichobaki. Nani alikipa kijiji jina hilo la Amkeni mimi sijui, maana wenyeji wake, hasa wanawake, walikuwa wakiamka kabla ya jogoo tangu enzi za bibi zao, na hawakuhitaji kukumbushwa na mtu.

Pampu ilikuwa moja, ya mkono, mbele ya ofisi ya kijiji, na mpini wake ulifungwa kwa mnyororo na kufuli. Ufunguo ulikaa shingoni mwa mwenyekiti, Mzee Eustace Masele, kwenye kamba ya katani. Kila Septemba mbegu zikishamwagwa vitaluni, maji yote ya pampu yalikwenda kunywesha miche tangu alfajiri hadi jua la utosi. Baada ya hapo pampu ilikuwa hoi, inakohoa tope. Basi wanawake walikirudia kisima cha zamani, kile walichokiacha walipohamishwa mwaka sabini na nne, maili tatu kwenda na tatu kurudi.

Mzee Eustace hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema msije mkamchukia bure. Alikuwa mtu mwoga aliyepewa kazi kubwa. Wakubwa walikuwa wamemwambia kwamba miche ikifa atajieleza, na mtu aliyeambiwa "utajieleza" hawezi tena kuona kitu kingine, hata kama ni shemeji yake anayepita mbele yake na ndoo kichwani.

Shemeji huyo alikuwa Imakulata, mjane wa Hilari, kaka mkubwa wa mwenyekiti. Mwanzoni mwa Septemba ya mwaka sabini na sita aliteleza kwenye njia ya kisimani akaangukia nyonga. Alilala siku tisa. Ya kumi akajitwika ndoo tena, akawa anatembea huku anauvuta mguu mmoja kama mtu aliyesahau kitu nyuma.

Habari hizo zilimkuta binti yake Apolinaria Dar es Salaam, Chuo Kikuu, Mlimani, mwaka wa tatu. Alikuwa akisomea kuigiza na kucheza ngoma. Mtihani wao mkubwa haukuwa wa karatasi. Mwanafunzi alitakiwa aende kijijini, atafute jambo linalowaumiza watu, alifanyie mchezo, na mchezo huo uwafanye watu wakae waamue kitu. Watu wakipiga makofi tu na kwenda zao kupika, umeshindwa. Wenzake walichagua vijiji vya karibu ambako usafiri haukuwa wa shida. Apolinaria aliisoma barua mara mbili, akaandika kwenye fomu: Amkeni, Tura.

Hapo lazima niseme jinsi masomo hayo yalivyochukuliwa nyumbani. Vikongwe walicheka hadi wakajishika mbavu. Bibi yake mtoto huyu, walisema, alijifunza ngoma bure tena bila kupanda treni, sasa mjukuu anafunga safari siku mbili kwenda kufundishwa kutikisa bega. Mzee Eustace hakucheka. Hilari alipofariki yeye ndiye aliyebaki kuwa baba wa Apolinaria, na siku ya kwenda Chuo Kikuu yeye ndiye aliyejitwika sanduku lake hadi stesheni. Alimpenda mno. Lakini neno "ngoma" lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, kwa hiyo kila alipoulizwa alijibu kwamba binti anasomea uongozi. Apolinaria alijua, na lilimchoma, lakini mtu humjibu nini baba aliyembebea sanduku?

Alifika Jumapili, Septemba hiyo hiyo, na wenzake wawili: Raymundi, kijana wa Nzega aliyepiga ngoma hadi mti ukatamani kucheza, na Tatu, msichana wa Kisarawe, mfupi, mwenye mdomo usio na breki. Mwenyekiti aliwapokea kwa heshima zote. Aliwapa chumba cha ghala, akawatangaza kwa wanakijiji kuwa wageni kutoka Chuo Kikuu, vijana wa uongozi. Mwalimu wao, Bi Fakhria Nasor, mwenyeji wa Isevya ambaye kwao wana duka la vitambaa, angekuja Jumamosi kutazama, siku ya mkutano wa kijiji.

Mchezo Apolinaria alikuwa ameshauandika tangu Mlimani. Kurasa kumi na nane zilizopigwa taipu. Aliuita *Kiu ya Haki*, na alijivunia kila mstari. Mhusika mkuu alikuwa mwenyekiti wa kijiji mwenye ufunguo shingoni, na nafasi hiyo aliichukua mwenyewe, kwa kuwa nani angeiweza kama yeye? Tangu utotoni alikuwa akimtazama baba yake mdogo anavyotembea, tumbo mbele, mikono nyuma, na anavyosafisha koo mara tatu kabla ya kusema jambo.

Jumanne jioni, jua likiwa bado juu, waliuonyesha mbele ya ofisi, ili watu wauzoee kabla ya Jumamosi. Apolinaria alitoka na ufunguo wa bati shingoni. Akatanguliza tumbo. Akasafisha koo mara tatu.

Hakuna aliyecheka. Alidhani hawajamwona vizuri, akazidisha. Akatembea tena, akasafisha koo tena, akaupiga busu mche wa tumbaku na kuwafukuza kwa fimbo wanawake wenye ndoo. Watu walitazama chini. Wazee wawili, wakwe wa mwenyekiti, walinyanyuka wakaondoka bila kuaga. Katika ukurasa wa saba alimwona mama yake anajifunika khanga usoni na kwenda zake, akiuvuta mguu ule ule ambao mchezo mzima ulikuwa umeandikwa kwa ajili yake.

Mzee Eustace alingoja hadi mwisho. Alipotaka kusema alianza kusafisha koo, akajizuia katikati, na kule kujizuia kulimuumiza Apolinaria kuliko matusi. Alisema kwa sauti ya chini.

"Apolinaria. Umenivua nguo mbele ya wakwe zangu. Jumamosi hapatakuwa na mchezo hapa."

Mama yake jioni hiyo alimpakulia ugali kama kawaida, akaketi mbali. Apolinaria alimweleza kwamba alifanya yote kwa ajili yake, kwa ajili ya maji. Imakulata alisikiliza hadi mwisho.

"Maji nayataka, mwanangu," alisema. "Lakini yule ni baba yako."

Hilo ndilo kosa, na ni kosa ambalo mgeni asingeliona. Huko Mlimani mtu humwigiza yeyote, hata mkuu wa chuo, na watu wakacheka. Amkeni, mtoto hamwigizi baba. Maneno yanaweza kuwa ya kweli toka la kwanza hadi la mwisho, na bado kinywa kinachoyasema kisiwe na ruhusa. Apolinaria alikuwa Mnyamwezi wa kuzaliwa, ameoshwa kwa maji ya kisima kile, na alikuwa amelisahau jambo ambalo hata mtoto wa darasa la pili pale alilijua. Aliona haya. Aliona haya kwa namna ambayo hamna kurasa za kuieleza.

Jumatano asubuhi aliichukua ndoo ya mama yake akaenda kisimani mwenyewe. Tatu akasema naye aende, kukaa ghalani kunamtia kichaa. Walipofika waliwakuta wanawake kama ishirini wanangoja zamu, mke wa mwenyekiti akiwa mmoja wao. Hawakumsemesha Apolinaria. Walimwitikia salamu tu, kavu. Kikongwe mmoja aliyeitwa Maua, ili kuuvunja ukimya, alimgeukia mgeni akamwuliza kwao wapi.

"Kisarawe, bibi. Mimi Mzaramo."

Ilikuwa kama mtu amewasha kiberiti kwenye nyasi. Bibi Maua aliidaka khanga ya Tatu akaivuta mabegani mwake, akaikunja na kuikalia. Akasema amekamata Mzaramo leo, ukoo wa watu waliowangojea babu zake pwani na nazi mbovu wakadai ni mayai ya tembo. Tatu hata kupepesa macho hakupepesa. Alijibu kwamba si kosa la Wazaramo, Wanyamwezi ndio walioshusha mizigo ya pembe, wakaiona bahari, wakadhani ni ziwa la kwao, wakainywa yote hadi ikabaki ile iliyopo sasa. Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akamnyang'anya kata ya kichwani, mwingine akadai atamwoza kwa mbuzi dume. Yeye alimrudishia kila mmoja la kwake, akiwa amejishika kiuno, na hakumbakisha hata mke wa mwenyekiti.

"Na siku hizi mmezidi," Tatu alisema. "Zamani mlikunywa bahari, leo hata pampu hamuinywi. Waume zenu wameoa mke mkubwa anaitwa Tumbaku. Yeye ananyweshwa asubuhi kwa mkono wa bwana, anafunikwa majani asipigwe na jua. Ninyi wake wadogo, maili tatu! Na mnafurahi!"

Ndoo ziliwekwa chini. Mke wa mwenyekiti alicheka hadi akakaa kwenye tope, akawa anarudia "mke mkubwa, jamani, mke mkubwa", na machozi yalimtoka.

Apolinaria alisimama pembeni. Maneno hayo, kwa kiasi kikubwa, yalikuwamo katika ukurasa wa saba. Jana yalikuwa tusi, leo yalikuwa sherehe. Kwanza alishikwa na wivu, wivu mtupu, wala sitamfichia. Kisha akamkumbuka bibi yake.

Bibi alipozikwa, Apolinaria akiwa na miaka tisa, Mzaramo mmoja aliyekuwa kibarua wa reli pale Tura alirukia ndani ya kaburi akalala chali. Akasema hatoki, kitanda ni kizuri, marehemu atafute kwingine, mpaka apewe jogoo. Waombolezaji walicheka huku wanalia. Hakuna aliyekasirika, hakuna aliyethubutu kukasirika, na jogoo akaletwa. Yule alikuwa mtani. Bibi mwenyewe enzi za uhai wake alisema utani ule uliletwa na njia. Misafara iliyotoka pwani iliuvuka Mgunda Mkali, ile nyika isiyo na maji, midomo imekauka, na ilipofika Tura ndipo ilipopewa maji, na aliyekunywa kwako, bibi alisema, amekuwa mtani wako, anaweza kukuchukulia chochote na huna pa kumshtaki. Huchukui kitu chako mpaka ukikomboe.

Njiani kurudi, ndoo kichwani, Apolinaria alimwambia Tatu kwamba Jumamosi hapatakuwa na mchezo, lakini patakuwa na utani, na mwenye haki ya kuufanya ni yeye Tatu peke yake. Kurasa kumi na nane alizitoa kwenye mfuko alipofika nyumbani, akawashia moto wa chai. Tatu alimwangalia kwa wasiwasi. Mtihani ulikuwa wa Apolinaria, si wake. Akikaa nyuma, mwalimu atampa alama za nini?

"Mama hawezi kunywa alama," Apolinaria alisema.

Alhamisi alikwenda kwa baba yake mdogo, akapiga magoti, akaomba radhi. Mzee Eustace alimwekea mkono kichwani akasema yamekwisha. Akaongeza kwamba mchezo, hapana. Apolinaria akajibu kwamba hatacheza mchezo, na alisema kweli. Siku hiyo na iliyofuata alishinda kisimani na wanawake. Hakuwafundisha kitu. Aliwaomba wamkumbushe mwendo wa wapagazi, ule aliofundishwa na bibi yake na ambao Mlimani aliucheza hadi wenzake wakaufahamu: kisigino kinatua kwanza, kiuno kinajibu, shingo haitikisiki. Wimbo waliutunga wenyewe, wakikosoana na kuzomeana. Na mama yake, ambaye mguu wake haukuweza tena mwendo huo, ndiye aliyeuchagua mstari wa mwisho.

Jumamosi Bi Fakhria alishuka kwenye treni, akatembea hadi Amkeni kwa viatu visivyofaa, akaambiwa na mwanafunzi wake kwamba mchezo umekatazwa na maandiko yamechomwa. Alisema amekuja mbali, ataketi, na ataandika atakachokiona. Kama hakuna, ataandika hakuna.

Mkutano ulianza saa nne. Wanaume walikaa kwenye mabenchi. Nyuma, chini, mahali pa wanawake palikuwa patupu, na mwenyekiti hakulitilia maanani kwa kuwa alishazoea kutopatazama. Alisimama, mikono nyuma, akaanza habari za miche.

Ngoma ya Raymundi ilisikika kutoka njia ya kisimani.

Walikuja kwa mstari mmoja, wanawake arobaini na zaidi, ndoo na mitungi kichwani, hakuna aliyeshika kwa mkono. Kisigino, kiuno, shingo imetulia. Mbele yao Tatu, fimbo ya safari mkononi, vumbi limempaka hadi kope. Mwisho kabisa wa mstari, nyuma ya watoto, alikuwa Apolinaria na ndoo ya mama yake. Nao waliimba:

*Tumetoka mbali, mzigo haujashuka,*
*Mwenye mji fungua, jua limetuwakia,*
*Babu zetu walikunywa hapa,*
*Sisi tumekosa nini?*

Wazee waliujua mwendo ule. Mmoja aliinua fimbo akaanza kuitikia kabla hajajua anachokiitikia. Mstari uliizunguka pampu mara moja, ukasimama, na Tatu akaenda moja kwa moja hadi kwa mwenyekiti. Akaikamata ile kamba ya katani. Akaivua shingoni mwake kwa upole, kama mtu anavyomvua mtoto kofia, akaitia shingoni mwake mwenyewe.

Sekretari wa kijiji alisimama nusu, akakaa.

"Mtani," Tatu alisema, "mimi Mzaramo. Nimeuvuka Mgunda Mkali kwa miguu. Nimefika Unyamwezi, nataka maji, naambiwa nimngoje mke wako mkubwa Tumbaku aoge kwanza. Basi ufunguo ni mateka wangu. Ukomboe."

Kila kitu kilikuwa pale. Mzee Eustace akikasirika, wamekwisha. Apolinaria aliiona shingo yake ikivimba. Halafu akasikia anasafisha koo, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ile ya tatu ilipofika ilikuwa imegeuka kicheko.

Akamwambia Tatu kwamba alijua tu nchi imeingiliwa na wezi wa nazi. Akauliza anataka kuku wangapi. Mabenchi yalilipuka. Wazee walipiga fimbo chini wakipaza sauti kwamba mateka akombolewe, akombolewe, hiyo ndiyo desturi. Tatu alisema kuku kaacha kwao. Anataka wanawake wa Amkeni wanywe kwanza.

Hapo kicheko kilipungua, kwa maana kila mtu aliona utani umeingia ndani. Mwenyekiti alijifuta uso. Alisema, bila utani sasa, kwamba miche ikifa atajieleza yeye, na hakuna Mzaramo atakayekuja kumsaidia. Miche itakunywa wapi?

Kisha Imakulata, ambaye tangu kijiji kianzishwe hakuwahi kufungua mdomo mkutanoni, akasonga mbele akiuvuta mguu. Alimpigia goti shemeji yake kwanza. Akasimama.

"Kisima cha zamani bado kina maji," alisema. "Pampu tunywe sisi hadi saa tatu. Tumbaku inywe inachobakiza pampu, na kikipungua, wanaume waijazie kutoka kisimani. Njia tunaijua, tutawaonyesha."

Nani angecheka? Lakini Bibi Maua alicheka, akafuatia mke wa mwenyekiti, na mwishowe wanaume wenyewe, kwa aibu, kama watu waliokutwa wamejificha jikoni. Mzee Eustace aliwatazama wazee wa mabenchi, na wazee wakatikisa kichwa kukubali. Akamwambia sekretari aandike hivyo hivyo, kuanzia Jumatatu. Tatu aliivua kamba shingoni. Hakumrudishia mwenyekiti. Alisema mateka hukabidhiwa kwa aliyetaja malipo, akamvisha Imakulata.

Baadaye, wakinywa chai ghalani, Bi Fakhria alifungua daftari lake akamwuliza Apolinaria alikuwa wapi katika ile kazi, maana alimtafuta mbele hakumwona. Apolinaria alijibu kwamba alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Mwalimu aliandika kwa muda mrefu. Hakumwonyesha, na Apolinaria hakuomba.

Jumatatu saa tano walikuwa stesheni ya Tura wakingoja treni ya kwenda Dar es Salaam. Mzee Eustace alikuwa amejitwika sanduku la Apolinaria njia nzima, hakutaka Raymundi aliguse. Imakulata alichelewa. Alipotokea, Apolinaria aliona khanga yake safi na nywele zake zimelowa, zinang'aa, na akaelewa kwamba mama yake alikuwa ameoga asubuhi, siku ya kazi, mwezi wa Septemba. Alijawa na fahari ambayo hakujua aiweke wapi, fahari ya mama yake, ya wanawake wale, hata ya yule mzee mwenye sanduku.

Karani wa stesheni, aliyewafahamu wote, alitoka dirishani akamsalimia mwenyekiti. Akauliza kama huyo ndiye yule binti anayesomea uongozi.

Mzee Eustace alilishusha sanduku. Akatanguliza tumbo, akaweka mikono nyuma, akasafisha koo mara tatu. Apolinaria aliangalia chini.

"Anasomea ngoma," alisema, kwa sauti iliyofika hadi mwisho wa jukwaa. "Chuo Kikuu. Mwanangu anasomea ngoma."